Je, Joseph Kabila alitendewa haki? Jibu kwa msomaji wa Kalemie

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kalemie ninayeishi Dar es Salaam. Tangu Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Kinshasa imhukumu Rais mstaafu Joseph Kabila adhabu ya kifo, ukoo wetu umegawanyika. Kaka yangu, mfuasi wa UDPS, chama cha Rais Tshisekedi, anasema hakuna aliye juu ya sheria na kesi imekwisha. Mjomba wetu, mwanachama tangu mwanzo wa PPRD, chama cha Kabila, anasema hiki ni kisasi cha kisiasa kilichovishwa joho la jaji. Nani kati yao yuko sahihi? Na kama kesi ilikuwa na kasoro, ndugu zetu waliouawa Goma na Bukavu watapata wapi haki yao?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kaka yako na mjomba wako wanabishana juu ya mambo matatu kana kwamba ni jambo moja, na ndiyo maana hawatafikia mwafaka hata mkeshe. Wanabishana kama rais mstaafu anaweza kushtakiwa, kama ilikuwa halali kumshtaki katika mahakama ile na kwa njia ile, na kama tuhuma zenyewe zilithibitishwa. Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili bila kujipinga hata kidogo. Hilo ndilo jibu langu mimi, na juu ya la tatu naongeza kwamba kesi iliyoendeshwa namna ile haikuweza kuthibitisha jambo zito kiasi kile kwa mtu yeyote ambaye hakuwa ameshaamua kuamini.

Kwa ufupi, mambo yalikwenda hivi. Kabila aliiongoza Kongo tangu Januari 2001, baada ya baba yake kuuawa, hadi Januari 2019 alipomkabidhi madaraka Félix Tshisekedi. Ushirikiano wao serikalini ulivunjika mwishoni mwa mwaka 2020. Januari 2025 waasi wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema wanaungwa mkono na Rwanda, waliteka Goma, na mwezi uliofuata wakaingia Bukavu. Aprili serikali ilisimamisha shughuli za PPRD. Mei 22 Seneti ilimwondolea Kabila kinga, na siku chache baadaye akawa Goma, ndani ya mji ulio mikononi mwa waasi. Kesi ilifunguliwa Julai 25, mwendesha mashtaka wa kijeshi akaomba adhabu ya kifo Agosti 22, na hukumu ikasomwa Septemba 30. Alitiwa hatiani kwa makosa kadhaa, yakiwemo uhaini, uhalifu wa kivita na kushiriki katika harakati za uasi. Hakuwepo mahakamani, wala hakuwa na wakili wa kumtetea.

Juu ya swali la kwanza sitakaa sana, kwa sababu kaka yako ana haki kabisa. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 haimfanyi rais mstaafu kuwa mtu asiyegusika. Inampa useneta wa maisha, na sheria ya Julai 2018 inayohusu hadhi ya marais wastaafu waliochaguliwa inamkinga kwa yale aliyoyatenda akiwa kazini kama rais. Kwa matendo ya nje ya kazi hiyo, sheria hiyohiyo imeweka mlango wa kumfikia. Kushirikiana na waasi mwaka 2024 au 2025, kama kulitokea, si kazi ya urais. Mjomba akisema kwamba Kabila hakupaswa kuguswa kwa sababu tu aliwahi kuwa mkuu wa nchi, anadai kitu ambacho hakimo hata katika sheria iliyopitishwa na wabunge wa Kabila mwenyewe katika miezi yake ya mwisho Ikulu, sheria ambayo wapinzani wa wakati ule walilalamika kwamba imetungwa kwa ajili yake.

Ni kuhusu mlango huo ndipo ugomvi wa kweli unapoanzia. Sheria ya 2018 inataka mashtaka ya namna hii yaidhinishwe kwa kura ya theluthi mbili ya wajumbe wa Bunge na Seneti wakiwa wameketi pamoja katika Kongresi. Kilichofanyika Mei 2025 ni tofauti. Mwendesha mashtaka wa kijeshi aliiandikia Seneti peke yake, Seneti ikaunda kamati maalumu, Kabila akaitwa asifike, kisha maseneta wakapiga kura kwa wingi mkubwa kana kwamba mbele yao yuko seneta wa kawaida anayetuhumiwa kwa kosa la kawaida. Walioitetea njia hiyo walisema kwamba Kabila ni seneta, na seneta huondolewa kinga na Seneti. Hoja hiyo si ya kipuuzi, lakini ina upungufu mkubwa: useneta wake wenyewe unatokana na urais wake. Huwezi kuchukua kipande kimoja cha hadhi ya mtu, kile kinachokurahisishia kazi, na kukiacha kile kinachokudai theluthi mbili. Cha kusikitisha zaidi ni kwamba muungano wa Rais Tshisekedi ulikuwa na wingi mkubwa katika mabaraza yote mawili. Kura ya Kongresi huenda ingepatikana bila jasho, na mjomba wako angekosa hoja yake iliyo bora.

Sasa tuje kwenye mahakama yenyewe. Ibara ya 156 ya Katiba inasema kwamba mahakama za kijeshi husikiliza makosa yaliyotendwa na askari wa jeshi la taifa na wa polisi ya taifa. Raia hatajwi. Ibara ya 153 inasema kwamba wabunge na maseneta huhukumiwa na Mahakama ya Kasasheni, iliyo kilele cha mahakama za kawaida. Kwa hiyo, baada ya Seneti kumchukulia Kabila kuwa seneta wakati wa kumwondolea kinga, ungetegemea apelekwe mahali maseneta wanapopelekwa. Alipelekwa jeshini. Alikuwa seneta Mei na akawa kama askari Julai, na hatua hiyo moja, ukiitazama kwa utulivu, inaeleza sababu ya watu wengi wasio na mapenzi yoyote na Kabila kuishuku kesi hii.

Upande wa serikali una majibu yake, na ni vyema kaka yako ayajue kwa usahihi badala ya kurudia kaulimbiu. Jibu la kwanza ni kwamba kabla ya kuwa rais Kabila alikuwa jenerali. Hilo ni kweli, ila miaka 18 ya urais na mingine ya useneta imepita tangu avue gwanda. Jibu la pili lina uzito zaidi: sheria ya mahakama za kijeshi ya mwaka 2002 inaruhusu raia kufikishwa mbele ya mahakama hizo katika mazingira fulani, kwa mfano kosa linapotendwa kwa silaha za kivita, na kwa muda mrefu raia wengi wa mashariki wamehukumiwa kwa kifungu hicho. Lakini sheria hiyo ilitungwa miaka minne kabla ya Katiba ya sasa, na Katiba ikigongana na sheria, Katiba ndiyo hutawala. Isitoshe, tangu mwaka 2013 sheria ya mpangilio wa mahakama imezipa Mahakama za Rufaa za kiraia uwezo wa kusikiliza uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu, hivyo mtu hawezi kudai kwamba pasipo jeshi hapakuwa na mahali pa kupeleka mashtaka hayo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo, katika kanuni zake za kesi ya haki za mwaka 2003, ilieleza wazi kwamba mahakama za kijeshi hazipaswi kuhukumu raia katika hali yoyote ile.

Kuna sababu ya kuogopa mahakama ya kijeshi ambayo haihusiani na uadilifu wa jaji mmoja mmoja. Jenerali anayeongoza kikao ni afisa aliye katika mnyororo wa amri, na juu kabisa ya mnyororo huo yuko Amiri Jeshi Mkuu, ambaye katika kesi hii ndiye mpinzani mkuu wa mshtakiwa kisiasa. Jaji huyo anaweza kuwa mtu mnyoofu kabisa, lakini mshtakiwa hana namna ya kulijua hilo, na wananchi pia hawana. Tena Mahakama Kuu ya Kijeshi ndiyo ya mwisho katika ngazi za kijeshi. Anayeanzia pale ameanzia kileleni, na mahakama ya kijeshi ya juu zaidi ya kumkatia rufaa haipo, ingawa ibara ya 21 ya Katiba inamhakikishia kila mtu haki ya kupinga hukumu iliyotolewa dhidi yake. Tatizo hili si la Kongo pekee. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipomfunga Jacob Zuma miezi 15 kwa kudharau amri yake, majaji wawili kati ya tisa walipinga, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba mtu anafungwa na mahakama ambayo haina mwingine juu yake. Pale ilikuwa miezi 15. Hapa ni kifo.

Ushahidi nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Waswahili tunasema asiyekuwepo na lake halipo, na katika kikao cha ukoo msemo huo unatosha. Kabila alijua kwamba anaitwa, akachagua kutokuja na kutotuma mtu, na sehemu ya lawama ni yake mwenyewe. Ila katika kesi ya mauti, mshtakiwa anapokosekana, mzigo wa jaji huongezeka. Inabidi yeye mwenyewe aulize yale ambayo wakili angeyauliza. Sehemu muhimu ya madai ya kumfungamanisha Kabila na AFC, muungano wa kisiasa na kijeshi ambao M23 imo ndani yake, ilitokana na maelezo ya mshauri mmoja wa Corneille Nangaa, kiongozi wa AFC. Mshauri huyo alikuwa amekamatwa na kuhukumiwa katika kesi ya Agosti 2024 ambamo Nangaa mwenyewe, naye akiwa hayupo, alipewa adhabu ya kifo. Alieleza habari za mawasiliano ya simu kati ya Kabila na Nangaa. Huenda alisema kweli tupu. Lakini huyo ni mtu aliye gerezani, chini ya hukumu nzito, anayeeleza alichodai kukijua kuhusu maongezi ya watu wawili wasiokuwepo, na upande wa pili hakuwepo mtu wa kumuuliza: ulisikia kwa masikio yako? Uliahidiwa nini? Maelezo ya aina hiyo, katika mahakama yoyote makini, huhitaji kuungwa mkono na kitu kingine kabla ya kumpeleka mtu kwenye mauti.

Kuna jambo jingine lililotokea humo mahakamani ambalo mimi naliona kuwa ndilo lililoichafua kesi kuliko yote. Mawakili wa upande wa madai ya fidia walidai kwamba Kabila si Mkongo bali ni Mnyarwanda, na wakataka kosa la uhaini libadilishwe liwe ujasusi, kwa sababu uhaini hutendwa na raia dhidi ya nchi yake, na mgeni hawezi kuisaliti nchi isiyo yake. Uvumi huo ni wa zamani, umemfuata tangu aingie Ikulu, na kila mtu aliyewahi kukaa Kivu au Katanga anajua umewaumiza watu wangapi ambao si marais wala maseneta: jina lako, pua yako, kijiji cha bibi yako, vyote vinageuzwa kuwa ushahidi. Kuuingiza uvumi huo katika kesi ya uhalifu wa kivita kulikuwa ni kuhamisha mkutano wa hadhara kuuleta mahakamani. Mwishowe mahakama ilimtia hatiani kwa uhaini, na kwa kufanya hivyo ikamhesabu kuwa Mkongo, jambo ambalo kaka yako anaweza kuwakumbusha wenzake wanaoishangilia hukumu huku wakiendelea kumwita mgeni.

Ilipofika wakati wa adhabu, mahakama ilitamka kwamba kwa kuwa makosa ni mengi itatoa adhabu moja tu, iliyo kali kuliko zote. Tangu mwaka 2003 Kongo ilikuwa haitekelezi adhabu ya kifo. Usitishaji huo uliondolewa na serikali ya Tshisekedi Machi 2024, kwa waraka wa Waziri wa Sheria, huku vita vya mashariki vikitajwa kuwa sababu. Kwa hiyo maneno yale hayakuwa ya mapambo.

Mjomba wako asishangilie mapema, maana upande wake nao una historia. Juni 2016, Kabila akiwa bado rais, mahakama ya Lubumbashi ilimhukumu mwanasiasa wa upinzani Moïse Katumbi miaka mitatu, akiwa nje ya nchi, kwa mgogoro wa nyumba, na baadaye mmoja wa majaji akaandika kwamba alilazimishwa kutia sahihi. Katumbi hakugombea mwaka 2018, na alipojaribu kurudi kupitia Kasumbalesa mwezi Agosti mwaka huo alizuiwa mpakani. Wakati huo wafuasi wa PPRD walisema sheria ifuate mkondo wake, na UDPS ndio waliosema kuwa ni kisasi. Ukizichukua taarifa za miaka hiyo na za mwaka 2025, ukabadilisha majina tu, utaona kwamba hakuna upande uliolazimika kutunga sentensi mpya.

Wala zamu hiyo haikumalizikia kwa Kabila. Constant Mutamba, Waziri wa Sheria aliyesimama mbele kutaka Kabila ashtakiwe, alijiuzulu Juni 2025 akikabiliwa na tuhuma za fedha za ujenzi wa gereza la Kisangani, na Septemba 2 Mahakama ya Kasasheni ikamhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu. Vital Kamerhe, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Rais Tshisekedi, alipewa miaka 20 mwaka 2020, rufaa ikaipunguza kuwa 13, kisha mwaka 2022 akaachiwa huru, na miaka miwili baadaye akawa Spika wa Bunge. Sisemi kwamba kila hukumu kati ya hizo ilikuwa ya uongo. Ninachosema ni kwamba mwananchi aliyeziona zote hizo hana tena kipimo cha kutofautisha hatia na kupoteza neema ya Ikulu, na hali hiyo haikuletwa na chama kimoja.

Nimesikia watu wakisema kwamba huu ni ugonjwa wa Afrika. Siku tano tu kabla ya hukumu ya Kabila, mahakama ya Paris ilimhukumu Nicolas Sarkozy, rais mstaafu wa Ufaransa, miaka mitano kwa njama ya kutafuta fedha za kampeni kutoka Libya, na Ufaransa nayo ikagawanyika palepale kwa misingi ya vyama: wa kulia wakisema majaji wanafanya siasa, wa kushoto wakisema hakuna aliye juu ya sheria. Jaji aliyeongoza kikao akatishiwa maisha. Kelele zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa katika mambo ambayo hayana kelele: Sarkozy alikaa mahakamani na mawakili wake, majaji walikuwa wa kiraia, walimwachia huru katika mashtaka mengine, ikiwemo la rushwa, wakaeleza sababu zao kwa mamia ya kurasa, naye akakata rufaa. Aliingia gereza la La Santé Oktoba 21 na Novemba 10 akatolewa kusubiri rufaa hiyo. Mtu anaweza kuichukia hukumu hiyo na bado akaisoma, akaonyesha mstari ambao anadhani majaji walikosea. Kwa Kabila hatujapewa nafasi ya namna hiyo, maana hapakuwa na hoja ya utetezi ambayo majaji walilazimika kuijibu.

Na safari ya Goma? Hapo mjomba hana budi kusikia neno lisilopendeza. Mkuu wa nchi mstaafu anayekwenda kukaa katika mji uliotekwa, chini ya ulinzi wa walioteka, na kupokea wageni humo, amewaandikia washtaki wake nusu ya hotuba yao. Kabila anakana kuwa na uhusiano na uasi. Uamuzi wa kwenda pale, hata hivyo, ulikuwa wa kisiasa, alikuwa na njia nyingine za kurudi nyumbani, na haki yake ya kupata kesi ya haki haifuti haki yetu ya kuuona uamuzi huo kuwa mbaya. Kukaa Goma, hata hivyo, si sawa na kuwaamuru waliokuwa wanaua Goma. Pengo lililopo kati ya mambo hayo mawili ndilo kesi ilipaswa kulijaza.

Nimeliacha mwisho swali lako la ndugu waliouawa, kwa sababu ndilo zito na ndilo ambalo pande zote mbili hulitaja haraka kisha kulipita. Mahakama iliamuru fidia ya dola bilioni 33, kiasi kinachozidi bajeti nzima ya taifa ya mwaka 2025, na hakuna mtu aliye timamu anayetarajia zilipwe. Tazama mgawanyo wake: dola bilioni 29 kwa taifa la Kongo lenyewe, bilioni 2 kwa jimbo la Kivu Kaskazini, na bilioni 2 kwa Kivu Kusini. Makaburi yako Kivu, ila karibu sehemu tisa kati ya kumi za fidia zimepewa serikali ya Kinshasa.

Familia ya Goma au Bukavu inayotaka kujua nani alitoa amri ya kumuua mtoto wao bado inahitaji kitu ambacho kesi hii haikukitoa: shahidi aliyehojiwa pande zote mbili, tarehe na mahali vilivyopimwa, na makamanda waliotajwa mmoja mmoja kwa tendo moja moja. Uwezo wa kufanya hivyo upo. Mahakama za Rufaa za kiraia zina mamlaka kwa sheria ya 2013, na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu iliyoko The Hague ina mamlaka juu ya uhalifu uliotendwa Kongo tangu Julai 2002, na mwendesha mashtaka wake alitangaza Oktoba 2024 kwamba anaanza upya kuuchunguza ule wa Kivu Kaskazini. Kama jamaa zenu wana majina, picha, vyeti vya vifo au walioshuhudia, wavitunze vyema na kwa siri, wawaone mawakili wa mashirika ya haki za binadamu wanaokusanya ushahidi kwa ajili ya mahakama hizo, wala wasisubiri kaka na mjomba wamalize ubishi wao.